Mwuguzi na Karatasi ya Mgonjwa

Wasomaji wetu, tuanze na karatasi moja. Katika hospitali nyingi za Marekani, siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, mwuguzi huketi naye kitambo. Hufungua kompyuta, akatafuta katika intaneti ukurasa unaoeleza ugonjwa wa mtu huyo, akautoa kwenye karatasi, kisha akamsomea: hii ni dawa ya asubuhi, hii ya jioni, chakula hiki ule, kile uache, ukiona dalili hii, rudi upesi. Ikiwa mgonjwa hajui Kiingereza, mwuguzi hutafuta karatasi ya lugha yake. Kiswahili nacho kimo. Na wanaopewa karatasi ya Kiswahili mara nyingi ni watu wa kwetu, waliotoka Uvira, Fizi au Masisi, wakakaa miaka katika makambi ya Tanzania, Burundi au Uganda, hata wakafika ng'ambo. Katika mwaka wa serikali ya Marekani wa 2016 peke yake, wakimbizi wa Kongo waliopokelewa huko walipita 16,000, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote.

Karatasi yenyewe ni kitu kidogo. Mtu aweza kuikunja, kuitia mfukoni, na kuisahau. Lakini njia iliyopita mpaka kufika mkononi mwa mgonjwa ni ndefu, nasi tunataka kuisimulia. Ndani yake mna swali linalotuhusu sote, tunaougua na tunaouguza: maarifa ya ugonjwa ni mali ya nani? Ya mganga, ya mwuguzi, au ya yule anayeumwa?

Tunaposema mganga, tunasema kama tusemavyo huku Kongo, maana yake daktari wa hospitali. Neno hilo tutalirudia mbele, kwa sababu lina shida yake.

Zamani, huko Ulaya, waganga walijifunza kwa Kilatini, wakaandika dawa kwa Kilatini. Mgonjwa hakuelezwa neno. Kazi yake ilikuwa kunywa na kunyamaza. Mwuguzi naye hakuhesabiwa kuwa mtu wa maarifa. Alihesabiwa kuwa mtu wa mikono, wa kufua mashuka na kubeba ndoo. Masista waliouguza wagonjwa kwa karne nyingi walijua mengi, lakini mengi ya hayo yalipita kwa kinywa, kutoka kwa sista mzee kwenda kwa kijana, wala hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa nyumbani.

Florence Nightingale, bibi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, anajulikana sana kwa kazi yake ya vita ya Krimea, alipowauguza askari huko Scutari tangu mwaka 1854. Wengi wanajua pia kwamba mwaka 1860 shule ya wauguzi ilianzishwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, London. Lakini tazama kitabu chake kidogo cha mwaka 1859 juu ya kuuguza. Mwanzoni mwake alieleza wazi kwamba hakukiandika kuwa kitabu cha kuwafundishia wauguzi kazi yao. Alikiandika kwa ajili ya wanawake wote wenye afya ya mtu mwingine mikononi mwao: mtoto, mzee, mume mgonjwa. Hewa safi, mwanga, maji mazuri, chakula kinachofaa, utulivu. Mambo haya hayakuwa siri ya waganga. Kumbe yalikuwa yamekaa kama siri kwa sababu hakuna aliyeyasema kwa maneno ya jikoni.

Tena kuna tendo lake jingine ambalo watu hawalisimulii sana, nasi twaliona kubwa kuliko yote kwa habari hii yetu. Mwaka 1892, Nightingale alikuwa amepita miaka sabini, naye alikuwa mtu wa kukaa ndani kwa sababu ya ugonjwa wa siku nyingi. Hata hivyo alisaidia kuanzisha kazi mpya katika jimbo la Buckinghamshire. Alikuwa ametambua kwamba kukusanya akina mama katika ukumbi na kuwahubiria habari za usafi hakutoshi. Wanasikiliza, wanashukuru, halafu wanarudi kwenye kisima kilekile kichafu. Kwa hiyo wanawake waliochaguliwa walifundishwa na mganga, wakatahiniwa, wakatumwa kwenda nyumba kwa nyumba. Hawakutakiwa kuingia kama wakaguzi wanaotafuta makosa. Walitakiwa wazoeane na mama wa nyumba kwanza, waone jiko lake, kitanda chake, maji yake, ndipo waseme. Kazi ile ilikuwa ndogo, lakini ni mojawapo ya mizizi ya kazi ya wauguzi wa Uingereza wanaotembelea nyumba zenye watoto wachanga mpaka leo.

Basi, miguu na kinywa cha kupeleka maarifa vilikuwa vimeanza kupatikana. Maandiko yenyewe yalikuwa wapi? Hapa yatupasa kuvuka bahari, maana ni Marekani yalikokusanywa kuliko popote pengine.

Mwaka 1836, huko Washington, mkuu wa waganga wa jeshi la Marekani alikuwa na vitabu vichache tu ofisini mwake. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyokwisha mwaka 1865, vitabu hivyo vilikabidhiwa mganga mmoja wa jeshi, John Shaw Billings. Mtu huyu alikuwa na njaa ya vitabu. Aliandika barua kila upande, akabadilishana, akanunua, akaomba, hata rafu zikajaa. Kwa miaka mingi vitabu hivyo vilikaa katika nyumba ya Ford, iliyokuwa nyumba ya michezo ya kuigiza, ileile ambamo Rais Lincoln alipigwa risasi mwezi wa Aprili 1865. Mwaka 1879 Billings alianza kutoa orodha ya maandiko mapya ya uganga ya dunia, iliyoitwa Index Medicus, ili mganga aliye mbali ajue nini kimeandikwa na wapi.

Orodha ile iliendelea kukua. Mwaka 1956 sheria iliifanya maktaba ile kuwa maktaba ya taifa ya uganga, mwaka 1962 ikahamia Bethesda karibu na Washington, mwaka 1964 orodha yake ikaingizwa katika kompyuta, na mwaka 1971 watu wa miji mingine wakaanza kuiuliza kwa njia ya waya za simu. Mambo ya ajabu! Lakini tujiulize nani aliyeweza kuuliza. Ilihitaji mtu aliyefundishwa kuitumia mashine, tena ilihitaji fedha. Kwa kweli maktaba ile ilikuwa ya waganga na wanachuoni. Mwuguzi wa hospitali ndogo, akiulizwa na mama kwa nini mtoto wake anavimba miguu, alikuwa na daftari lake la shule na kumbukumbu zake. Asipokumbuka, alimwuliza mganga. Mganga akiwa safarini, mama alingoja.

Kilichobadilisha mambo kilitoka mahali ambapo hapakuwa na wagonjwa. Huko Geneva, Uswisi, katika nyumba kubwa ya wataalamu wa fizikia iitwayo CERN, Tim Berners-Lee alibuni mwaka 1989 namna ya kuunganisha maandiko ya kompyuta za mahali pengi, na mwaka 1993 CERN ikaitoa kwa watu wote bila malipo. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Juni 1997, maktaba ya Bethesda nayo ilifungua orodha yake kwa kila mtu mwenye intaneti, bure, mbele ya makamu wa rais Al Gore.

Waliofungua mlango walishangaa kuona ni nani wanaoingia. Walidhani watakuja waganga. Walikuja, lakini pamoja nao walikuja watu wengi wasio waganga: wazazi wa watoto wagonjwa, watu walioambiwa jana kwamba wana kansa, wanawake wanaotaka kujua dawa ya mume. Wakakuta maandiko yaliyoandikwa na waganga kwa waganga. Ilikuwa kama mtu mwenye kiu aliyeonyeshwa kisima bila kamba. Ndiyo sababu mwezi wa Oktoba 1998 maktaba ilianzisha kurasa nyingine zenye maneno mepesi, zinazoitwa MedlinePlus. Zilianza na mambo 22 tu ya afya; leo zimepita 1,000. Mwaka 2002 Kihispania kiliongezwa, na baadaye karatasi za lugha nyingi, Kiswahili mojawapo. Hazina matangazo ya biashara. Kwa wauguzi zilikuwa chombo walichokuwa wamekikosa siku zote: kitu cha kumpa mgonjwa mkononi, chenye kuaminika, kisichongoja ruhusa ya mtu.

Lakini mlango ukifunguliwa, hauingizi upepo mzuri peke yake.

Mwaka uleule wa 1998, mwezi wa Februari, gazeti la waganga la Lancet lilitoa maandiko ya mganga Mwingereza Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12. Maandiko yale yaliwatia watu shaka kwamba chanjo moja inayokinga surua, matubwitubwi na rubela huenda ina uhusiano na ugonjwa wa akili ya watoto uitwao otizimu. Baadaye ilijulikana kwamba Wakefield alikuwa amelipwa fedha na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, wala hakuwaambia wasomaji. Tena habari za wale watoto zilikuwa zimepotoshwa. Lancet iliyafuta maandiko hayo mwezi wa Februari 2010, na mwezi wa Mei Wakefield akaondolewa katika daftari la waganga. Miaka kumi na miwili! Katika miaka hiyo magazeti, televisheni na kurasa za intaneti zilikuwa zimekwisha kuyachukua maneno yale na kuyapeleka kila nyumba. Huko Uingereza, watoto waliopata chanjo hiyo walishuka kutoka kadiri ya 92 kwa mia mpaka 80 kwa mia katika mwaka 2003 hadi 2004.

Na nani aliyesimama mbele ya mama mwenye hofu? Si wakubwa wa Lancet. Huko Uingereza kazi ya kuchoma sindano za watoto ni ya wauguzi. Mama aliingia na karatasi zake alizozitoa mwenyewe katika intaneti, akaziweka mezani, akasema, Soma hapa. Mwuguzi aliyemcheka alimpoteza. Mwuguzi aliyemwamuru alimpoteza vilevile. Aliyeweza kukaa naye, kusoma karatasi ile, kumwonyesha ni nani aliyeiandika na ni nani aliyelipa, kisha kutoa karatasi nyingine na kuzilinganisha, huyo aliwarudisha baadhi yao. Baadhi tu. Matunda ya hofu yalichelewa kuiva: mwaka 2013, huko Swansea, Wales, surua ilishika watu zaidi ya 1,000, wengi wao vijana ambao wazazi wao waliogopa walipokuwa wadogo, na mtu mmoja akafa.

Huku kwetu surua haikungoja uzushi wa Ulaya ili kuua. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 mpaka Januari 2020, zaidi ya watu 6,000 walikufa kwa surua katika Kongo, wengi wao watoto. Mama zao hawakuikataa chanjo. Mara nyingi chanjo haikuwafikia. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba karatasi nzuri inatosha pale ambapo sindano haipo.

Wako waliojaribu kuweka walinzi mlangoni. Mwaka 1995, huko Geneva pia, lilianzishwa shirika la Health On the Net, na mwaka 1996 likatoa kanuni nane kwa wenye kurasa za afya. Mwandishi aseme yeye ni nani na amejifunza nini. Aonyeshe alikotoa habari na tarehe yake. Aseme fedha zimetoka kwa nani. Atenge tangazo la biashara na mafundisho. Atunze siri za wasomaji. Asijifanye badala ya mganga. Ukurasa uliozifuata ulipewa alama ya kuonyesha. Shirika hilo lilifunga kazi mwisho wa mwaka 2022, na alama zake hazina kazi tena. Tunaona masikitiko, lakini si makubwa. Alama juu ya ukurasa haikumsaidia sana mtu asiyejua maana yake. Yale maswali yenyewe ndiyo mali, na maswali hayo wauguzi wengi bado wanafundishwa kuyauliza: nani ameandika, lini, kwa fedha za nani?

Tumefika sasa kwenye jambo lililo gumu kuliko kutafuta. Mwaka 2003, Wamarekani walipima namna watu wazima wa nchi yao wanavyoelewa maandiko ya afya, kama kibandiko cha dawa au karatasi ya hospitali. Watu 36 kwa mia walikuwa na uwezo mdogo au mdogo sana, na waliofuzu vizuri walikuwa 12 kwa mia tu. Hao ni watu wa nchi yenye shule kila mtaa! Mwaka huohuo ilitolewa habari ya uchunguzi wa San Francisco, ambamo wachunguzi waliwasikiliza waganga 38 wakisema na wagonjwa wao 74 wenye ugonjwa wa sukari. Kati ya mazungumzo matano, ni katika moja tu mganga alihakikisha kwamba mgonjwa amelishika neno jipya aliloambiwa.

Ndiyo maana wauguzi wamejifunza njia ya kurudishiwa maneno. Baada ya kumsomea mgonjwa karatasi, mwuguzi haulizi, Umesikia? Anasema, Mama, ukifika nyumbani, utamwelezaje binti yako namna ya kukupa dawa hii? Mama anaeleza. Akikosea, mwuguzi anajua kwamba yeye mwuguzi hakueleza vizuri, naye anaanza tena kwa maneno mengine. Sisi Wakongo tunaielewa hekima hii upesi. Mgonjwa wetu akiulizwa na mtu aliyevaa nguo nyeupe kama amesikia, atajibu ndiyo, hata kama hakushika hata neno moja. Atajibu hivyo kwa heshima, na kwa haya. Mara nyingi ile ndiyo yake maana yake ni, Naomba niende.

Na hapa tunarudia lile neno mganga. Karatasi za Kiswahili zinazotoka ng'ambo huandikwa kwa Kiswahili sanifu, kile cha shule za Tanzania na Kenya. Huko, mganga kwa wengi ni mtu wa mizizi na hirizi, na mwenye hospitali ni daktari. Kwetu mganga ni daktari mwenyewe. Basi fikiri karatasi inayosema, Usitumie dawa za mganga bila kumwambia daktari wako. Mtu wa Dodoma anaelewa mara moja. Mzee wa Fizi anakuna kichwa: mganga na daktari si mtu mmoja? Vilevile karatasi itasema kipindupindu, naye anajua kolera. Itasema presha, naye amezoea kusema tansio. Hakuna kosa la mwandishi, wala la msomaji. Lakini katikati yao panahitajika mtu wa kuuliza, Kwenu neno hili mnalisemaje? Kompyuta haikuuliza. Mwuguzi mwenye subira, na mkalimani aliye pamoja naye, ndio wanaouliza.

Kuna watakaosema kwamba habari hizi ni za mbali. Tuwakumbushe Beni na Butembo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaenea na Ituri, ilishika watu 3,470 na kuwaua 2,287 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Simu zilijaa maneno: Ebola haipo, Ebola ni biashara, Ebola imeletwa ili kutumaliza. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, na zaidi ya robo yao waliamini kwamba ugonjwa huo si wa kweli. Mwezi wa Desemba, uchaguzi ulipoahirishwa huko Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na usalama, wenye shaka waliona wamepata ushahidi. Uchunguzi ule ulionyesha pia jambo ambalo kila mwuguzi wa huko angeweza kulisema bila kuhesabu: asiyewaamini wakubwa, na mwenye kushika uzushi, ndiye aliyekuwa mzito kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Habari za kweli zilikuwapo. Zilikuwa katika intaneti, katika redio, katika karatasi zenye picha zilizobandikwa ukutani. Watu wa Msalaba Mwekundu wa Kongo walipita mitaani wakiandika maneno ya watu, maswali yao na uzushi wao, ili wenye kufundisha wajue la kujibu. Ilikuwa kama kwa wale wanawake wa Buckinghamshire: kwanza kusikiliza mlangoni, kisha kusema.

Uzushi mmoja haukujibika kwa karatasi yoyote, nao ndio uliouma zaidi: kwamba anayeingia ndani ya hema la Ebola anamalizwa humo, watu wake wasione. Huko Beni, shirika la ALIMA lilileta vyumba vidogo vya plastiki inayopitisha macho. Mwuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje, kwa kutia mikono katika mikono mirefu ya plastiki iliyoshonwa ukutani, uso wake ukionekana. Na watu wa nyumbani waliruhusiwa kusogea, wakasimama upande huu wa plastiki, wakamwona ndugu yao amelala upande ule, wakamwita kwa jina, naye akageuza kichwa.